Habari na miradi hapa Lualaba: makosa yanayorudi tangu 1941



Tangu tuanze kupita Kapata, Luilu, Musonoi na Manika ju ya kuandika upya majina ya wanachama, swali moja linatufuata kila avenyu: kwa nini miradi ya huku kwetu inaanza na afishi kubwa na inamalizika na makelele mbele ya ofisi ya komine? Wengine wanajibu mbio: rushwa. Rushwa iko, hatutaikana. Lakini sisi wa kazi ya tereni tumeona hata miradi yenye hesabu safi ikivunjika, kwa sababu watu hawakuambiwa, ao waliambiwa nyuma, ao waliambiwa kwa maneno ya ofisi, ao waliuliza na hakuna aliyewajibu. Jambo hili si la jana. Liko na historia yake hapa kwenye shaba, na tumeona vema kuiandika kidogo, maana wengi wetu hatukuwa hapa wakati sehemu zake zilipopita.

Tuanze na lugha yenyewe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Miaka ya kwanza mabwana wengi wa kazi walitoka upande wa Rhodesia na Afrika Kusini, na kwenye machimbo kulisikika Kiingereza pamoja na ile lugha ya mchanganyiko ya migodi ya kusini. Wabelgiji hawakuipenda, waliogopa nguvu ya Waingereza ndani ya Katanga. Nyuma ya vita ya kwanza ya dunia Kiswahili kikaanza kuchukua nafasi, na zaidi kuanzia 1928, kampuni ilipoamua kukalisha wafanyakazi na familia zao kwenye kambi kwa muda mrefu. Watu walitoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili kikawa daraja.

Lakini daraja la namna gani? Johannes Fabian, mtaalamu aliyefanya utafiti miaka mingi hapa Katanga, alisoma vitabu vidogo vilivyowafundisha Wazungu Kiswahili cha kazi, na akaeleza katika kitabu chake cha 1986, Language and Colonial Power, kwamba kilikuwa kwa sehemu kubwa Kiswahili cha kuamrisha. Leta, chukua, fanya mbio, nyamaza. Mtu aliyejifunza lugha kwa njia hiyo hajafundishwa kuuliza, «ninyi munaona namna gani?» Tunapenda kusema kwamba zamani ile imekwisha. Lakini keti siku moja kwenye mkutano wa mradi, uhesabu ni mara ngapi mkubwa wa mradi anauliza jambo ambalo hajui jibu lake.

Desemba 1941. Vita ilikuwa inataka shaba, bei za sokoni zilikuwa zimepanda, mshahara ulikuwa pale pale. Wafanyakazi waliacha kazi Lubumbashi, Likasi (wakati ule Jadotville) na Kipushi. Tarehe 9 umati ulikuwa umekusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, na gavana Amour Maron akaenda kuwaambia warudi kazini. Aliyesema kwa niaba ya wafanyakazi alikuwa Léonard Mpoyi. Ushuhuda uliokusanywa baadaye na wanahistoria unaeleza kwamba gavana alisema mishahara imeongezwa, na Mpoyi akaomba alama: karatasi inayoonyesha kwamba kampuni kweli imekubali. Gavana hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Maneno yakapanda, kiisha bunduki zikalia. Mpoyi alikufa pale, pamoja na makumi ya watu. Kumbukumbu ya wafanyakazi wenyewe inataja hesabu kubwa kuliko ile ya serikali.

Hatutasema kwamba mambo ya 1941 yalikuwa «kosa la mawasiliano». Yalikuwa mauaji, na neno la semina lisiyafunike. Tunachoshika ni lile ombi la Mpoyi. Hakukataa habari. Aliuliza: imeandikwa wapi, na nani ameiweka mkono? Kwa miaka zaidi ya 80 watu wa Katanga wanauliza swali hilo hilo, na mara nyingi bado wanajibiwa kwamba hawana imani ao wanachochewa na mtu fulani.

Kampuni ilijifunza kitu, lakini nusu. Mwaka 1946 ikaunda mabaraza ya wafanyakazi Waafrika, ambayo yaliweza kutoa mawazo bila kuamua. Mwaka 1957 ikatoa gazeti lake, Mwana Shaba, ambalo wazee wengi wanalikumbuka na picha zake za ndoa, mpira na mabustani yaliyopata zawadi. Pamoja na gazeti kulikuwa hospitali, shule, posho ya unga. Wazee walikuwa wanasema kazi njo baba, njo mama. Baba wa namna hiyo anaeleza mtoto wakati wa kulala na wakati wa kunawa, lakini hafungui mbele yake kitabu cha banki. Union Minière ikachukuliwa na serikali 1967, kiisha ikawa Gécamines. Desturi ya baba ikabaki. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alipoandika juu ya familia za wafanyakazi hawa, aliita kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père, maana yake wana wa shaba walioachwa na baba yao. Kilitoka 2001. Kichwa kile peke yake kinafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya mradi.

Maana baba alikuwa amekwisha kugonjwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, hapa hapa kwetu, ikaanguka. Mwaka 1991 ukaja na uporaji. Mwaka 2002 shaba ya mwaka mzima haikufika tani 30,000. Mfanyakazi wa kawaida aliona mshahara unachelewa mwezi mmoja, miwili, sita, lakini hakuna aliyemketisha na kumwonyesha hesabu ya kampuni. Alijua kwa tumbo.

Katikati ya kuanguka huku njo kuna sehemu inayotuhusu sana, na hatutarudi ndani yake kwa urefu kwa sababu kila familia ya chama inajua ya kwake. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, kiisha Kolwezi. Waliitwa bilulu, wadudu, mbele ya watu wote. Wengi walikaa siku na siku kwenye gare ya Kolwezi wakingoja wagoni. Sisi katika chama tuko wa njia nyingi: waliorudi kutoka Kasai, waliorudi kutoka Zambia, waliorudi kutoka Angola. Lakini kitu kimoja kinatuunganisha kuhusu habari: tulipoondoka, jina letu liliondoka kwenye listi. Dosie ya kazi, kadi ya hospitali, karatasi ya kiwanja, yote yalibaki na watu wengine. Na tangazo lolote lililotolewa wakati hatuko lilihesabiwa kwamba limetufikia.

Hapo tunafika 2003, na tunaomba msomaji akae nasi kidogo, kwa kuwa sehemu hii njo darasa kubwa kuliko zote.

Mwaka ule serikali, kwa makuta ya Benki ya Dunia, ilifungua Opération Départs Volontaires, ODV. Gécamines ilikuwa na wafanyakazi kama 24,000, wengi bila mshahara kwa miezi mingi, wengine zaidi ya miaka miwili. Waliambiwa: anayekubali kuondoka atapewa kiasi cha mwisho, achukue, aanze maisha mengine. Watu 10,655 waliondoka. Kwa miji kama Kolwezi na Likasi hilo halikuwa badiliko la kazi tu. Ilikuwa kugeuza namna nzima ya kuishi, kwa sababu pamoja na kazi ziliondoka hospitali na shule za kampuni.

Tuangalie neno lenyewe kwanza. Kifaransa kinasema volontaire. Kwa Kiswahili tungesema kwa kupenda. Mtu ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni na ambaye hajaona mshahara tangu miaka miwili, anapenda kitu gani? Tayari hapa mradi na watu walikuwa wanasema vitu viwili kwa neno moja. Kwa ofisi, saini ilikuwa ushuhuda wa mapenzi. Kwa mzee wa Kapata, saini ilikuwa njia ya kupata sehemu ya deni lake.

Kiisha kulikuwa maswali. Tunapoketi na wazee wa ODV mpaka leo, wanayarudia karibu kwa mpangilio ule ule: hesabu yangu ilifanywa namna gani, wakati jirani wa miaka sawa na mimi alipata zaidi? Makuta haya yanaua deni la mishahara, ao deni linabaki? Na nikikubali, mke wangu akigonjwa mwezi ujao, anaenda hospitali gani? Maswali matatu. Hakuna hata moja ambalo lilihitaji mtaalamu wa Washington kulijibu. Karatasi moja kwa kila mfanyakazi, kwa Kiswahili, yenye miaka yake ya kazi, daraja lake, namna ya kuzidisha na jumla, na siku chache za kwenda nayo nyumbani kuisoma na mtoto aliyefika shule: ingepunguza mzozo mwingi. Haingeongeza makuta, hilo tunajua. Lakini mtu anayejua kwamba anapewa kidogo ni tofauti na mtu anayeamini kwamba ameibiwa, na wa pili atafundisha watoto wake wasiamini mradi wowote.

Na msaada wa kuanza maisha mapya ulifika nyuma ya makuta. Hili nalo tunaliweka kati ya makosa ya habari, ingawa wengi wangeliita kosa la kupanga. Mtu akipewa makuta leo bila kujua kama mafundisho ya kazi mpya yatakuja mwezi ujao ao mwaka ujao, atafanya nini? Atafanya kile anachojua. Atalipa madeni, atanunua malata ya nyumba, atafungua duka dogo karibu na maduka mengine kumi, atajaribu shamba bila mbegu nzuri. Tunasikia watu wakiwacheka wazee wale, eti walikula makuta. Hatupendi cheko hilo. Walikula kwa sababu kalenda ya mradi ilikuwa kwenye kabati ya mtu mwingine.

Wafanyakazi wa zamani wakajipanga kuwa kolektifu, wakaandika barua, wakapiga milango ya Kinshasa. Walisema hesabu haikufuata sheria ya kazi na mapatano ya kampuni na wafanyakazi wake. Mwaka 2009 malalamiko yao yakafika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Miaka sita nyuma ya saini. Fikiri njia ile: swali ambalo lingejibiwa Kolwezi kwenye meza ya mbao lilivuka bahari mpaka Marekani.

Wenzetu waliofukuzwa 1993 hawakuwa hata kati ya walioalikwa kusikiliza. Habari ya ODV iliwakuta Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi ao Kananga, kwa mdomo wa jamaa, wakati madirisha ya malipo yamefungwa.

Mfano mwingine ulipita mbali kidogo na hapa lakini ndani ya Katanga ya zamani, na unawahusu warudi moja kwa moja. Mwaka 2007 HCR ilianza kurudisha Wakongomani kutoka kambi za Zambia kuelekea Moba na Pweto. Agosti mwaka ule, Moba, uvumi ulipita kwamba wanaoletwa ni Banyamulenge. Watu wakatoka kwa hasira, wakashambulia ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika, watazamaji wa kijeshi wa MONUC wakaumizwa, na kazi ya kurudisha ikasimamishwa kwa muda. Walioumia zaidi walikuwa wale waliokuwa wamefunga mizigo kambini.

Uvumi ule ulikuwa na sumu yake ya chuki kwa kabila fulani, na hatuna haki ya kuupaka rangi ya kutokuelewana tu. Sisi tunajua bilulu ni neno la namna gani. Lakini uvumi hauoti kwenye udongo wowote. Unaota pale ambapo watu wanaona magari meupe yanapita, wageni wanapima viwanja, na hakuna anayesema ni nani anakuja, wangapi, kutoka wapi, na watakaa wapi. Wafanyakazi wengi wa miradi wanaogopa kutangaza mapema: wanasema wakisema kabla mambo hayajaiva, watu watadai. Ni kweli watadai. Lakini wasiposema wao, atasema mwingine. Na huyo mwingine hatakuwa na haya ya kusema uongo.

Sasa turudi Kolwezi, kwenye miaka ambayo vijana wa chama wameiona kwa macho yao. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa Kasulo, chini ya nyumba za watu, na kartie nzima ikageuka machimbo. Mashimo ndani ya uwanja, mashimo ndani ya salo. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ikatoa sehemu ya Kasulo kwa Congo Dongfang Mining, mamia ya familia wakahamishwa, ukuta ukajengwa. Yale ya muda mfupi na ya habari kidogo yaliandikwa wakati ule ule na watetezi wa haki za binadamu. Sisi tunaongeza jambo moja ambalo halionekani sana kwenye raporo. Katika mambo ya kuhama, mwenye nyumba anaalikwa, mpangaji anasikia kwa mwenye nyumba. Na nani ni wapangaji Kolwezi? Vijana waliokuja kutafuta, na waliorudi. Mtu aliyepoteza nyumba 1993 na kurudi miaka kumi nyuma anakaa kwenye anexi ya mtu. Siku ya kuhesabu, anaweza kuandikwa kama mzigo wa mwenye nyumba, ao asiandikwe hata kidogo.

Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapa hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa raporo juu ya watu waliotolewa makwao kwa ajili ya migodi ya kobalti na shaba. Kati ya mifano iko Cité Gécamines, kartie ya watu kama 39,000, karibu na shimo la COMMUS, kampuni ya Zijin ya China na Gécamines. Mgodi ulifunguliwa tena 2015. Raporo inasema wakaaji hawakushauriwa ipasavyo, mpango wa kupanua mgodi haukutangazwa wazi, na misalaba myekundu ikachorwa kwenye nyumba. COMMUS ilijibu kwamba inalenga kuboresha mawasiliano na wahusika.

Tukae kidogo kwenye ule msalaba mwekundu. Msalaba ni ujumbe. Unasema: nyumba hii. Hausemi lini, wala kwa bei gani, wala wapi, wala nani wa kuuliza. Mwenye nyumba anaamka na alama kwenye ukuta wake, hajui kama apande mihogo, kama atie saruji kwenye ukuta unaopasuka, kama apokee mpangaji mpya. Miezi inapita hivyo. Kwa hesabu ya mradi, miezi ile ni bure, haina mstari kwenye bajeti. Kwa familia, miezi ile njo gharama ya kwanza ya kuhamishwa, na hatujaona listi ya fidia iliyoiandika.

Kuna pia ile tarehe ambayo wataalamu wanaita tarehe ya mwisho ya kuhesabu. Mwanachama anayeishi karibu na mgodi lazima aielewe. Siku ile ikipita, anayekuja nyuma na kujenga ao kupanga hana haki ya fidia. Sababu yake inaeleweka: bila tarehe, watu wangejenga vibanda usiku ju ya kulipwa. Kanuni za IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, zinasema habari ya tarehe ile iandikwe vizuri na ienezwe katika eneo lote la mradi. Ienezwe. Si kubandika karatasi moja ya Kifaransa kwenye mlango wa komine siku ya Ijumaa. Jamaa anayefika Kolwezi na watoto wanne, wiki mbili nyuma ya tarehe ambayo hakuna aliyemwambia, anaweza kuitwa mdanganyifu, kumbe anarudi tu kwao.

Sheria yetu nayo imeendelea. Kodi ya madini ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, na tangu hapo kanuni za migodi ziko na sehemu nzima juu ya kuhamisha, kulipa na kukalisha watu upya. Iko pia kaye ya masharti, ambayo kampuni inajadiliana na wakaaji, na ile sehemu ya 0.3 kwa mia ya mauzo ya kampuni, kwa uchache, kwa ajili ya miradi ya wakaaji. Ni mambo mazuri. Lakini tumeketi kwenye mikutano ambapo msemaji anasema «zéro virgule trois pour cent du chiffre d'affaires», watu wanapiga makofi, na nje ya mlango mmoja anasema ni 3 kwa mia, mwingine anasema ni 30. Kwa nini asiseme: kampuni ikiuza kwa dola 1,000, dola 3 ni za miradi ya kwenu? Mama anayeuza samaki Manika ataielewa palepale, na atauliza swali linalofuata: nani anashika zile 3? Labda njo sababu msemaji anapenda virgule yake.

Watu wanatuuliza kama kuna mahali hapa Kolwezi ambapo habari za mradi zinatembea vizuri. Kupo, na si ofisini. Ni likelemba ya wamama. Angalieni inavyofanya kazi. Kiasi kinajulikana na wote. Zamu inajulikana na wote, tangu siku ya kwanza. Makuta yanahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, kaye inaandikwa, na asiyejua kusoma anamleta mtoto wake aangalie. Mwenye shida wiki hii anasema mapema, «nitachelewa», na wanajadiliana. Hakuna anayengoja mpaka siku ya kutoa ju ya kuonekana hana kitu. Hilo la mwisho njo linalokosekana zaidi kwenye miradi mikubwa. Makuta ya mfadhili yakichelewa, watu wa mradi wanazima telefone. Wanafikiri kimya kinalinda heshima yao. Ukimya wa wiki tatu unaweza kula kazi ya mwaka mzima, na wengi wa kwetu tumeshuhudia hilo kwenye vijiji vya barabara ya Likasi, ambapo pompe ya maji ilingojwa mpaka watu wakasema imeuzwa, wakati ilikuwa imezuiwa tu na karatasi za duane kule Kasumbalesa.

Likelemba iko na udhaifu wake, tusiiimbie sana. Ni watu 12 ao 20 wanaojuana kwa uso. Ukifika watu 300, sauti moja haitoshi, na unamhitaji msemaji. Na msemaji njo hatari nyingine ya zamani. Kampuni ya 1946 ilichagua nani akae kwenye baraza. Miradi ya leo inafika kwa shefu wa kartie, inamwachia ujumbe, inapiga picha, inaondoka. Shefu anaweza kuwa mtu mwema sana. Lakini ujumbe uliowekwa kwenye mdomo mmoja unatoka umefupishwa, ao unauzwa, ao unafika kwanza kwa jamaa zake. Heshima kwa shefu ni kuanza kwake. Haikatazi kwamba habari ileile isomwe kanisani, kwenye msikiti, sokoni, na kwenye redio kwa Kiswahili cha hapa, saa ya jioni wakati watu wamerudi. Na isomwe kwa maneno yaleyale kila mahali; maana Manika ikisikia dola 10 na Dilala ikisikia 15, hakuna redio itakayorekebisha.

Kwa hiyo, kuhusu mradi wetu wenyewe wa mashini ya kusaga unga, komite imekubali mambo yafuatayo mbele ya wanachama waliokuwa mkutanoni. Bei ya mashini, jina la muuzaji na faktura vitabandikwa kwenye ukuta wa nyumba ya mikutano, kwa Kiswahili na Kifaransa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hesabu itasomwa kwa sauti, hata mwezi ambao hakuna franka iliyoingia. Mwezi huo itasomwa kwamba hakuna. Tarehe ya mwisho ya kuandikisha majina haitafungwa kabla habari haijafika kwa matawi ya Likasi na Fungurume na kwa familia ambazo bado ziko njiani kutoka Kasai, na jina la mpangaji litaandikwa kwa jina lake mwenyewe, si chini ya mwenye nyumba.

Kaye ya maswali iko kwa mama katibu. Kila swali linapata numero na tarehe, na karibu nalo mstari mtupu wa jibu. Anayejua kuandika aandike. Asiyejua aje aseme, ataandikiwa na atasomewa aliyoyasema kabla ya kuondoka. Mpaka sasa kuna maswali 17, na 4 bado hayajajibiwa. Lile la numero 9, juu ya nani atalipa fundi mashini ikivunjika, njo litafungua mkutano wa Jumamosi.